Ziara ya michezo ng'ambo: mwanafunzi anapata nini hasa?

Mzazi wa Ngamiani

Assalaam alaykum na habari za jioni, ndugu zangu wa Tanga na wengine wote mnaopita hapa.

Mwanangu yuko kidato cha pili katika shule moja ya hapa mjini na anacheza beki wa kulia katika timu ya shule. Wiki iliyopita alirudi nyumbani na barua iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa kaptura. Nilipoifungua nikakuta kwamba shule inakusudia kupeleka wavulana kumi na sita Göteborg, nchini Uswidi, mwezi Julai, kushiriki mashindano ya Gothia Cup, na kwamba kila mzazi anatakiwa kuchangia shilingi milioni tano na laki mbili kwa awamu nne. Barua inasema ziara hiyo "itapanua upeo wa mwanafunzi", na baada ya maneno hayo inahamia moja kwa moja kwenye namba ya akaunti ya benki.

Baba yake anafanya kazi bandarini, nami nina duka dogo la vitenge. Fedha hizo kwetu si za kuokota. Ndizo tulizokuwa tukizitunza kumalizia chumba cha uani ambacho kimesimama kwenye lenta kwa mwaka wa pili sasa. Sisemi hatuwezi kabisa. Ninachotaka kujua ni kitu gani mtoto wa miaka kumi na minne anakipata kwa kwenda kucheza mpira Ulaya ambacho hawezi kukipata akicheza hapa hapa, na kama kipo, kinaonekanaje akisharudi. Nauliza pia kwa sababu Novemba ana mtihani wa taifa wa kidato cha pili, na Julai muhula wa pili unakuwa umeshaanza. Zaidi ya hayo, kwenye kundi letu la WhatsApp la wazazi kuna mwenzetu anayesisitiza kwamba maskauti wa klabu kubwa hukaa pembeni ya uwanja na kwamba mtoto mwenye bahati anaweza kubaki huko huko. Neno hilo limewafanya baadhi ya wazazi walipe awamu ya kwanza siku hiyo hiyo, na mimi limenitia wasiwasi badala ya hamu.

Naomba majibu ya watu waliowahi kusafiri na watoto, au waliosafirishwa wakiwa watoto.

Mwalimu wa michezo, Chumbageni

Wa alaykum salaam, mama. Nimefundisha michezo kwa miaka ishirini na sita na nimevuka mpaka na wanafunzi mara tano, mara nne kwenda Mombasa na mara moja kwenda Ulaya, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona, si kwa yanayoandikwa kwenye barua za shule.

Kwanza nikutoe hofu kuhusu mashindano yenyewe. Gothia Cup ni mashindano ya kweli na ya siku nyingi. Yalianza mwaka 1975, huandaliwa na klabu ya BK Häcken ya mji huo, na hukusanya timu za vijana kutoka nchi nyingi kila Julai. Timu nyingi hulala kwenye madarasa ya shule, magodoro chini, kama tunavyolala sisi kwenye UMISSETA, michezo yetu ya shule za sekondari. Mfumo wake nao una busara, kwa sababu baada ya mechi za makundi timu zilizofanya vizuri huingia mtoano wa A na zilizobaki huingia mtoano wa B, hivyo mtoto aliyefungwa siku mbili za mwanzo hafungi begi siku ya tatu akawa mtalii.

Sasa kuhusu faida. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya faida hupatikana kabla ndege haijapaa, na shule isiyolijua hilo hulipa nauli ya watoto kumi na sita kwenda kupiga picha. Mwaka ule tuliopeleka wasichana wa mpira wa pete Mombasa, niliamua kwamba sitashika karatasi hata moja. Msichana wa kidato cha tatu, mlinzi wa goli, mwenye aibu kiasi kwamba darasani alikuwa akijibu huku amefunika mdomo kwa kiganja, ndiye niliyemkabidhi faili la nyaraka za wenzake kumi na mmoja: vyeti vya kuzaliwa, ridhaa za wazazi, picha, na hati za kusafiria. Kwa miezi mitatu alikuwa anawafuata wenzake madarasani kuwadai nyaraka. Ndiye aliyegundua kwamba mmoja wao ni Mwanahamisi kwenye cheti cha kuzaliwa na Mwanakhamis kwenye rejesta ya shule, akaenda na mzazi wa mwenzake kutafuta hati ya kiapo.

Tulipofika Horohoro, mpakani na Kenya, ofisa wa uhamiaji akauliza nani kiongozi wa msafara. Nilinyamaza. Yule binti akasogea dirishani, akalifungua faili juu ya ukingo wa zege, akaanza kuita majina moja baada ya jingine, na alipofika kwa Mwanahamisi akatoa ile hati kabla hajaulizwa. Mkono mmoja ulikuwa unatetemeka, akawa ameukandamizia juu ya faili ili karatasi zisipeperuke na upepo, lakini sauti ilitoka wazi hadi kwenye foleni ya nyuma. Mechi zetu mbili za kwanza Mombasa tulifungwa. Nikikumbuka ziara ile, hata hivyo, sikumbuki matokeo kabla ya kukumbuka dirisha lile.

Ndiyo maana nakushauri uulize shule swali moja lisilo la fedha: mwanangu atakuwa na kazi gani katika safari hii? Kama kila kitu kinafanywa na walimu na wakala wa safari, kuanzia tiketi hadi kufua jezi, mtoto atarudi kama mzigo uliosafirishwa vizuri. Na uulize pia wanaokwenda wamechaguliwaje. Pale Mathare, Nairobi, kuna chama cha michezo cha vijana kinachoitwa MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, ambacho timu zake hupata pointi za ligi kwa kusafisha mitaa yao pamoja na zile za kushinda mechi, na vijana wake wamekuwa wakienda Norway Cup, mashindano mengine ya vijana, kule Oslo. Mtoto aliyefika Oslo kwa kuzibua mitaro ya mtaani kwao huwa anajua kwa nini yuko pale. Kwenye barua yako naona wanaokwenda ni wale ambao wazazi wao wana milioni tano, jambo ambalo lina matatizo yake, kwa sababu kocha akishalipwa na mzazi hawezi tena kumweka mtoto wa mzazi huyo benchi kwa amani.

Tatizo jingine ni la kwetu sisi waalimu. Shule nyingi hurukia Ulaya bila kupita Mombasa, wakati Horohoro ni mwendo mfupi kutoka hapa mjini kwa barabara ya lami, na mtoto anayelia usiku wa kwanza ugenini ni bora alilie Mombasa, ambako mama yake anaweza kufika kwa basi.

Fundi wa Makorora

Kwa heshima zote, mwalimu, umetetea Mombasa, hujatetea Uswidi.

Milioni tano na laki mbili mara kumi na sita ni milioni themanini na tatu na laki mbili. Mimi ni fundi ujenzi na ninaijua bei ya kifusi, ya kisima na ya nyasi. Kwa fedha hizo uwanja wa shule ile, ambao naujua kwa kuwa nilijenga vyoo vyake, unasawazishwa, unawekewa maji na kupandwa ukoka, na wanafunzi wote wa shule wanacheza humo kwa miaka mingi, wasichana wakiwamo, maana katika barua ya dada hapo juu sioni hata nafasi moja ya msichana. Mtoto mwenye kipaji ana njia yake isiyomdai mzazi fedha za namna hiyo: UMISSETA ngazi ya wilaya, mkoa, kisha taifa, na wakichaguliwa huenda kwenye michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki. Michezo hiyo ilifanyika Arusha mwaka 2019 na tena mwaka 2022, na mwaka 2023 ilikuwa Huye, Rwanda. Hiyo nayo ni kukutana na mataifa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Aliyevaa jezi namba 4

Nimesita kuandika kwa sababu sipendi kuonekana napingana na mafundi, lakini nadhani mimi ndiye mtu aliyetafutwa na mama aliyeuliza. Nilikwenda Göteborg na timu ya shule nikiwa na miaka kumi na mitano, kwa ufadhili, na leo nafanya kazi ya kuhesabu makasha bandarini.

Mechi ya kwanza tulifungwa manane kwa moja. Tulizoea uwanja wa mchanga, ambako mpira unaopigwa chini hufia njiani, kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa anaupiga kwa nguvu. Kwenye nyasi bandia ile nguvu iliutoa mpira nje kila mara, na wapinzani wetu walikuwa wanarusha tu na kuanza upya. Hadi siku ya nne tulikuwa tumejifunza kuusukuma badala ya kuupiga, na mechi ya mwisho ya mtoano wa B tulifungwa moja kwa bila na timu ambayo, naapa, tungeweza kuishinda. Kuna mambo ambayo kocha wetu alikuwa ametueleza kwa miaka miwili na ambayo miguu yetu iliyaelewa kwa siku nne, kwa sababu tu sakafu ilibadilika.

Lakini jambo nililotoka nalo si hilo. Mji ule una treni za mjini zinazopita barabarani, na inayoandikwa dakika ya kumi na mbili hupita dakika ya kumi na mbili. Asubuhi ya mechi ya pili mwenzetu mmoja alikuwa anatafuta njumu yake ya kushoto. Tisa tukaingia kwenye treni, waliobaki wakamsubiri kwa huruma. Tulipofika uwanjani mwamuzi akatuhesabu kwa kidole, akauliza kama tuko tayari, nasi tukamwomba asubiri kidogo ndugu zetu wanakuja. Sheria ya mpira inaruhusu timu kuanza ikiwa na wachezaji saba, nasi tulikuwa tisa. Akapuliza filimbi. Wenzetu walipotokea wakikimbia kutoka kituoni, mmoja ameshika njumu mkononi, tulikuwa tumeshafungwa mawili. Hakuna aliyetugombeza, wala mwamuzi hakutukasirikia, na hilo ndilo lililotuuma. Kuanzia kesho yake hakuna aliyehitaji kuamshwa na mwalimu, na sisi wawili katika kundi lile, ambao tuko bandarini hadi leo, bado tunaulizana "njumu iko wapi?" mtu akichelewa zamu.

Niongeze moja kwa wazazi Waislamu, kwa kuwa sisi hatukuambiwa na tulihangaika. Katikati ya Julai kule jua huzama karibu saa nne usiku na huchomoza kama saa kumi na nusu alfajiri. Usiku wa kwanza tulikaa tunaisubiri Magharibi hadi wadogo wakalala na kanzu. Mwalimu aliyeongozana nasi alitukumbusha ruhusa ya msafiri ya kukusanya sala, mambo yakawa mepesi, ila ingefaa lizungumzwe na ustadhi wa shule kabla ya safari, pamoja na suala la nyama.

Fundi, kuhusu uwanja una haki. Tuliporudi tuliukuta uwanja wetu uko vilevile, na hapo ndipo tulipouchukia kwa mara ya kwanza. Mwezi uliofuata tulishika majembe tukaanza kuusawazisha wenyewe nusu ya upande wa goli la mashariki, tukaishia hapo kwa sababu mitihani ilifika. Ile nusu ipo hadi leo, na ukipita msimu wa masika utaona maji yanatuama upande mmoja tu.

Shabiki wa Mkwakwani

Hili la maskauti lisiachwe lipite hivi hivi. Kanuni za FIFA kuhusu uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 19, zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa katika hali chache, mfano wazazi wake wanapohamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusiana na mpira. Mtoto wa kidato cha pili kutoka Tanga "kubaki huko huko" kwa sababu skauti amempenda si bahati. Kwa klabu ni uvunjaji wa kanuni, na kwa mzazi ni mlango wa matapeli. Akitokea mtu anaomba fedha za "majaribio" kabla au baada ya ziara, muulizeni habari za kifungu hicho na mtazame uso wake. Mbwana Samatta, mshambuliaji wetu wa timu ya taifa, alitoka hapa nchini akiwa mtu mzima, akapita TP Mazembe kule Kongo, ndipo akafika Genk ya Ubelgiji.

(Na kwa kuwa tuko Tanga naomba nikumbushe kwamba Coastal Union walitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988 na vijana ambao uwanja wao wa kwanza ulikuwa mchanga wa hapa hapa. Samahani kwa kutoka nje ya mada.)

Muuguzi wa Pongwe

Dada yangu wa Ngamiani, wenzangu wamezungumza ya uwanjani, mimi nizungumze ya begi la dawa, kwa sababu nimeombwa mara mbili kupima watoto wa safari za namna hii na mara zote mbili nimeletewa siku tatu kabla ya kuondoka.

Mtoto mwenye selimundu, ambao huku pwani si wachache, asipandishwe ndege kabla daktari wake hajasema neno, maana hewa ya ndani ya ndege huwa na oksijeni pungufu kidogo kuliko ya ardhini, na baridi pamoja na kutokunywa maji ya kutosha navyo huamsha maumivu. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Na mtoto yeyote akipata homa akiwa kule, mwalimu amwambie daktari tangu sentensi ya kwanza kwamba wametoka kwenye nchi yenye malaria, kwa sababu daktari wa kule huenda akaanza kufikiria mafua na kupoteza siku nzima. Bima ya matibabu ni sharti la viza yenyewe, nayo haipaswi kupungua yuro 30,000; mzazi ana haki ya kuiona kwa macho yake.

Siku wasichana nao watakapopelekwa, na natumaini Fundi amesikika, pawe na matroni, asiwe mke wa kocha aliyekuja kutembea.

Mzazi wa Ngamiani

Nawashukuru sana nyote, hata wewe Fundi, kwani hesabu yako nimeionesha kwa baba yake akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

Jana usiku nilimuuliza mwanangu lile swali la mwalimu, kwamba atakuwa na kazi gani katika safari. Akanijibu, "Beki wa kulia, mama." Nikamwambia hiyo ni namba, si kazi. Leo asubuhi kabla ya kwenda shule amesema anataka kuomba awe mtunza muda, yaani yeye ndiye awe na ratiba ya treni. Nikajua kwamba ameshasoma habari ya njumu kwenye simu yangu.

Mkutano wa wazazi ni Jumamosi. Nitauliza wamechaguliwaje, nani wanakosa kwa sababu ya fedha, masomo ya wiki hizo mbili yatafidiwa lini, na kwa nini tusianze na Mombasa likizo ya Juni. Pia nitamwomba yule mwenzetu wa maskauti asome kifungu cha 19 mbele ya wote. Kimebaki kitu kimoja ambacho sikielewi: katika mchanganuo wa gharama kuna ada ya viza kwa kila mtoto. Je, watoto wa shule wanaokwenda mashindanoni nao hulipa kama watu wazima?

Mwalimu wa michezo, Chumbageni

Hapo umeuliza swali ambalo lingetuokolea fedha wakati wetu. Ada ya kawaida ya viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Uswidi ikiwamo, kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu katikati ya mwaka 2024. Kanuni zake, hata hivyo, huwasamehe ada hiyo wawakilishi wa taasisi zisizo za kibiashara wenye umri usiozidi miaka 25, wanapokwenda kwenye michezo inayoandaliwa na taasisi za aina hiyo hiyo. Ombi lisindikizwe na barua ya shule na mwaliko rasmi wa waandaaji, na shule iuulize ubalozi kwa maandishi kama watoto hawa wanaingia katika msamaha huo, kabla haijakusanya hata senti ya viza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe kuliko siku kumi na tano, ingawa kwa kundi la watoto mimi nisingesubiri hata ibaki miezi mitatu.

Fundi, hesabu yako sina cha kuipinga. Ningependa tu watoto wakirudi wakukute na kifusi pale upande wa magharibi.

Na wewe mama, usisubiri Jumamosi kwa jambo moja: toa cheti cha kuzaliwa cha kijana wako ukilinganishe na jina lililo kwenye ripoti ya shule, herufi kwa herufi.

Mzazi wa Ngamiani

Nimeviweka viwili mezani sasa hivi, mwalimu. Cheti kinasema Saidi, ripoti inasema Said. Kesho nafungua duka saa nne, asubuhi nakwenda kuulizia kiapo.